Mla Makuti na Ukoo Wake wa Mabingwa

Ukiona kipepeo wa kahawia mwenye madoa meupe akipita shaa kwenye minazi ya Mbagala au Bunju magharibi inapoingia, huenda umekutana na Zophopetes dysmephila. Akikunjua mabawa hafiki sentimita 5, ila usimdharau: ukoo wake, Hesperiidae, umejaa vikombe.

1. Ukongwe

Kisukuku cha kipepeo cha kale kuliko vyote vinavyojulikana, Protocoeliades kristenseni, kilipatikana Denmark, na ni cha ukoo huu. Umri: miaka milioni 55. Fuvu la Zinjanthropus wa Olduvai, fahari yetu, lina miaka milioni 1.75 tu. Limeachwa zaidi ya mara 30!

2. Mrija mrefu

Damas immaculata wa Amerika ya Kati ananyonya maua kwa mrija wa milimita 52.7, rekodi ya vipepeo, karibu mara mbili ya mwili wake. Mrija huo peke yake unazidi upana wa mabawa ya huyu wetu.

3. Umati

Dunia ina aina za vipepeo 18,000 hivi. Karibu moja ya tano ni za ukoo huu. Sensa ya 2022 iliikuta Dar es Salaam na watu 5,383,728, na wilaya yake ya Kinondoni 982,328, nayo karibu moja ya tano. Kwa hiyo Hesperiidae ndio Kinondoni ya vipepeo.

4. Sahani

Viwavi wa huyu wetu hula minazi na mikindu. Jamii hiyo ya mimea ndiyo yenye majani marefu kuliko yote duniani: jani la Raphia regalis wa Afrika ya Kati hufika mita 25. Basi la mwendokasi lenye kiungo katikati lina mita 18. Jani linashinda kwa mita 7!

5. Zamu ya jioni

Vipepeo wengi hulala jua likizama. Huyu ndiyo kwanza anaingia kazini, na alfajiri anarudi tena. Kiwavi wake naye hujificha mchana: huvuta kingo za ukuti, huzifunga kwa nyuzi zake, akapata chumba cha mviringo.

Basi ukikuta ukuti umeviringwa na mwingine umetafunwa hadi kubaki chelewa tupu, chungulia kwanza kabla ya kushika panga. Bingwa yumo ndani.