Mpelelezi Aliyevaa Nguo za Mfungwa

Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii aghalabu tunaifundisha darasani kwa mfano wa chawa, kisha tunasonga mbele. Wafungwa wa kambi za shokoa za Muungano wa Kisovieti, ambao chawa waliwajua barabara, wangeielewa pasipo mwalimu. Aliyewala hakuwa askari wa mnarani mwenye bunduki; huyo alionekana. Aliyewala ni mwenzao mwenye matambara kama yao, aliyelala nao ubavu kwa ubavu, akanywa nao mchuzi ule ule mwepesi, kisha akazipeleka kwa wakubwa habari za waliyoyasema.

Idara iliyosimamia kambi hizo, yenye kifupisho kilichokuja kujulikana dunia nzima, Gulag, iliundwa mwaka 1930, ikavunjwa mwaka 1960. Yakadiriwa kuwa watu milioni 18 walipitia humo kufikia mwaka 1953, alipofariki Stalin. Umati wa namna hiyo hautawaliki kwa seng'enge na mbwa tu. Hutawalika pale kila mmoja anapomwogopa jirani yake.

Mimi ni mtu wa isimu, na msomaji ataniwia radhi nikiingia kwa mlango wa maneno. Ofisa wa usalama aliyewaendesha wapelelezi hao kambini, wafungwa walimwita kum. Katika Kirusi cha kawaida, kum ni mtu aliyemsimamia mwanao katika ubatizo, akawa jamaa yako wa hiari. Tazama jinsi dhihaka inavyouma: anayekuwinda anapewa jina la undugu! Aliyempelekea habari alikuwa stukach, yaani mbisha hodi. Naye aliyepachikwa katika seli ya mahabusu ili amchokoe azungumze, aliitwa nasedka, kuku anayeatamia. Hukaa juu ya mwenziwe kwa upole na joto, mpaka siri iangulike. Kiswahili kina mchongezi, na kina mdukuzi, ambaye kabla ya kuhamia kwenye kompyuta alikuwa mtu wa kutega sikio ukutani. Lakini sijaona katika msamiati wetu neno lenye ukali wa kuku huyo.

Je, watu hawa walikuwa makachero waliosomea kazi? Wengi wao, la hasha. Walikuwa wafungwa waliobanwa kwa njaa, kwa hofu, au kwa ahadi ya kazi nyepesi. Aleksandr Solzhenitsyn, aliyetiwa mbaroni mwaka 1945, alieleza mwenyewe katika kitabu chake juu ya kambi hizo, kilichoanza kuchapishwa Paris mwaka 1973, jinsi alivyotia sahihi ahadi ya kupasha habari na kupewa jina la siri, Vetrov. Asema hakupeleka taarifa hata moja, na akahamishwa kabla ya kubanwa zaidi. Maadui zake walilishika jambo hilo kumchafulia jina. Mimi naona kwamba asingelisema yeye, tusingalijua jinsi mtu mwenye akili timamu anavyofikishwa kwenye kalamu hiyo hatua kwa hatua, kwa maneno laini.

Chuki ilipofurika, ilimwaga damu. Mapema miaka ya 1950, katika kambi za Kazakhstan, wafungwa walianza kuwaua kwa visu waliodhaniwa kuwa wachongezi. Woga ulihama upande, ndimi zikalegea, na huko Kengir mwaka 1954 wafungwa wakaishika kambi kwa siku 40 kabla ya kupondwa kwa vifaru. Wapo wanaousifu mwanzo huo bila kusita. Mimi nasita, maadamu nasoma neno "waliodhaniwa". Hapakuwa na hakimu wala shahidi, na kisu hakina rufani.

Hata hivyo, walikuwako wapelelezi wa namna nyingine. Dmitri Likhachev alikamatwa mwezi Februari 1928, akiwa na umri wa miaka 21, kwa ajili ya kikundi cha wanafunzi cha mzaha mtupu, ambamo alikuwa ametoa mhadhara wa kuitetea tahajia ya zamani ya Kirusi. Tahajia! Wanafunzi wangu wanaolalamikia somo hilo na wajue kuna aliyefungwa kwalo. Alipelekwa visiwa vya Solovki, katika Bahari Nyeupe, na huko akapata kazi katika ofisi ya kambi iliyochunguza wahalifu. Akawa akiwasikiliza wezi: wanavyoapa, wanavyocheza karata, wanavyoyapa maneno maana mpya.

Jacques Rossi naye alikuwa jasusi halisi. Alitumikia harakati za kikomunisti za kimataifa kwa siri, hata akatumwa Uhispania, nyuma ya majeshi ya Franco, wakati wa vita. Mwaka 1937 aliitwa Moscow, akatii, akakamatwa. Zaidi ya miaka 20 ilipotelea katika jela, kambi ya Norilsk na uhamisho. Aliyezoea kuficha habari kwa ajili ya chama sasa alizikusanya dhidi yake: neno moja moja, nani hulisema, lina maana gani, linahusu adhabu gani. Mkusanyo huo ulichapishwa London mwaka 1987, ukiwa kamusi. Kwangu hiyo ni hati ya mashtaka iliyopangwa kwa alfabeti.

Likhachev hakungoja muda mrefu hivyo. Makala yake ya kwanza ya kitaalamu, juu ya michezo ya karata ya wahalifu, ilitoka mwaka 1930, angali mfungwa, katika jarida la kambi yenyewe, kwa karatasi na wino wa waliomfunga.