Msitu, mwitu, pori na nyika: Maneno jirani yasiyo na maana moja

WANAOZUNGUMZIA eneo la miti mingi la Kakamega, magharibi mwa Kenya, aghalabu hubadilishana maneno manne kana kwamba ni pacha: msitu, mwitu, pori na nyika. Yote hutaja ardhi isiyolimwa, lakini kila neno lina mipaka yake.

Msitu (wingi: misitu) ni eneo pana lililosongamana miti mirefu, matawi yakigusana hata yakazuia jua. Neno hili lina ndugu katika lugha nyingine za Kibantu. Wakikuyu, kwa mfano, husema mũtitũ. Ndilo linaloifaa Kakamega, penye mabaki ya misitu ya mvua ya Afrika ya Kati, ambako mbega huruka matawini na wenyeji huchimba mizizi ya mukombero.

Mwitu pia ni msitu, ila siku hizi hutumika zaidi kueleza kisichofugwa: nguruwe mwitu, paka mwitu. Ndiyo sababu kumwita binadamu "mtu wa mwituni" ni kumtusi.

Pori (wingi: mapori) ni ardhi isiyokaliwa na watu, yenye vichaka, nyasi na miti iliyotawanyika. Hata shamba lililotelekezwa huweza kugeuka pori. Nchini Tanzania neno hili lina hadhi ya kisheria, kama katika "pori la akiba" na "pori tengefu", yaani maeneo ya kuhifadhi wanyamapori.

Nyika, nayo, ni mbuga kavu yenye miti michache. Wakazi wa nyuma ya pwani ya Kenya waliitwa "Wanyika" na wageni pamoja na majirani zao. Jina hilo lilibeba dharau, na kuanzia miaka ya 1940 wenyewe wakashika jina Mijikenda.

Kuna pia matumizi ya kisiasa. "Kuingia msituni" ni kushika silaha dhidi ya serikali, kama walivyofanya wapiganaji wa Mau Mau nchini Kenya katika miaka ya 1950, na waasi wa Uganda kati ya 1981 na 1986.

Uteuzi wa neno, basi, si suala la mtindo tu. Msitu wa Kakamega ulitangazwa rasmi mwaka wa 1933, na sehemu yake ya kaskazini, Buyangu, ikawa hifadhi ya kitaifa mwaka wa 1985. Kaunti yenyewe ilikuwa na zaidi ya watu milioni 1.8 katika sensa ya 2019. Anayeuita msitu huo "pori" humfanya msomaji adhani ni ardhi tupu isiyo na mwenyewe, inayongoja shoka na jembe. Ilhali Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinaihesabu misitu ya serikali kuwa ardhi ya umma.

Pori huweza kufyekwa bila majuto. Msitu ukifyekwa, kuna aliyeibiwa.