Joka likikufa, kazi njo inaanza

Wengi wananiuliza: mtu wa agronomia anatafuta nini kwenye mchezo wa majoka? Leo ninajibu, na jibu langu linaanzia machinjioni.

Kwa wenye hawajui: Dungeons & Dragons ni mchezo wa mezani wenye ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Watu wanne ao watano wanakaa. Mmoja ni msimamizi, yeye njo anasimulia; wengine kila mmoja ana mhusika wake: mpiganaji, mchawi, mwizi. Dadu inaamua kama upanga umeingia ao hapana. Hapa Himbi tunacheza jioni, mara nyingine kwa taa ya simu juu umeme umekatika.

Juzi kundi letu liliua joka. Mmoja akasema: "Tulichune, tuuzishe ngozi, meno na moyo." Msimamizi akauliza: "Kwa bei gani?" Wote wakanigeukia mimi, sawa vile lisansi yangu ilikuwa ya majoka.

Vitabu vya zamani vya mchezo vina jibu fupi. Kwa tembo, kwa mfano, vinasema: tupa dadu moja, zidisha kwa 100, utapata bei ya pembe moja kwa vipande vya dhahabu. Yaani 100 mpaka 600, kiisha mnaendelea na safari. Ni rahisi, lakini mtu mwenye amesimama machinjioni asubuhi moja tu anajua kama bei haitoki hivyo. Inatoka kwenye maswali manne.

Swali la kwanza: kuna kilo ngapi za kweli? Ng'ombe wa kilo 300 akiwa mzima hakupi kilo 300 za nyama. Ukitoa kichwa, ngozi, miguu, damu na matumbo, unabakia na karibu nusu, kilo 150. Ile nusu ingine wachinjaji wenye kusema Kifaransa wanaiita "robo ya tano", juu nyama yenyewe imekatwa robo nne. Usiidharau. Ngozi peke yake ni karibu kilo 7 kwa kila kilo 100 za mnyama. Damu ikikaushwa ni mbolea yenye nitrojeni karibu 12 kwa 100. Mifupa ikisagwa inatoa fosforasi na kalsiamu. Hata majani yenye hayajasagika tumboni yanaingia kwenye mboji. Kwa hiyo joka la kilo 1,000 tulipatie kilo 70 za ngozi. Hiyo ni makadirio ya ng'ombe, lakini ni mwanzo wenye akili kuliko dadu.

Swali la pili: alikufa namna gani? Hapa njo marafiki walikasirika. Mchawi wetu alirusha moto mara tatu, mpiganaji akatoboa tumbo mara nane. Ngozi yenye imeungua na kutobolewa haina bei ya ngozi nzima. Hata kwa ng'ombe, kisu kikiteleza wakati wa kuchuna, bei inashuka. Tumbo likipasuka, uchafu unaingia kwenye nyama. Nikakata nusu: kilo 35. Tangu siku ile mchawi anafikiri kwanza mbele ya kurusha moto, na mchezo umekuwa mtamu zaidi.

Swali la tatu: muko na saa ngapi, na chumvi iko wapi? Mnyama akikufa, kuoza kunaanza saa ileile. Ngozi mbichi inapashwa kupata chumvi siku ileile, karibu theluthi ya uzito wake. Kwa kilo 35 mnahitaji kilo 12 hivi za chumvi. Nani kati yenu alibeba chumvi kwenda kupigana na joka? Hakuna. Na nani atabeba mzigo? Ndani ya pango hakuna chukudu. Kama kila mtu anaweza kubeba kilo 20, mnachagua chenye kina bei kubwa kwa kilo na chenye hakiozi: meno, makucha, magamba. Nyama na moyo mnaviacha. Kumbe duniani pia ni vile: pembe za tembo zilivuka bahari miaka mamia, nyama yake ikaliwa palepale.

Swali la nne: nani ananunua? Kitu chenye hakina mnunuzi ni uzito tu mgongoni. Na sheria inaweza kufunga soko. Mwaka 1989 nchi za mkataba wa CITES zilikubaliana kukataza biashara ya kimataifa ya pembe za tembo wa Afrika. Pembe haikubadilika hata kidogo, soko njo lilibadilika. Msimamizi mzuri anaweza kuweka jambo hilo mezani: mfalme wa mji amekataza magamba ya joka. Sasa mtayaficha, mtayachoma, ao mtayarudisha pangoni?

Mpaka hapo tulicheka. Kiisha mmoja wetu, mwenye familia yake iko Vitshumbi, akauliza swali la tano, na hatukucheka tena: "Na akibaki mzima, ana bei gani?"

Mnajua hadithi ya viboko wa parki ya Virunga. Katikati ya miaka ya 1970 walihesabiwa karibu 29,000, wengi wao kwenye ziwa Edward na mito yake. Miaka 30 nyuma yake, kiisha vita na silaha kila mahali, hawakufika hata 1,000. Waliuawa kwa nyama na kwa meno, yenye yanachongwa kama pembe za tembo. Wenye waliwaua walipiga hesabu yetu ileile: kilo ngapi, nani ananunua, itabebwa namna gani. Hesabu yao haikuwa na kosa, ila ilikosa mstari mmoja.

Kiboko anakula karibu kilo 40 za majani kila usiku kwenye nchi kavu, kiisha asubuhi anarudi majini na kuacha mavi yake humo. Mavi hayo yanalisha vijimea vya maji, vijimea na wadudu wanalisha samaki, tilapia anaingia wavuni Vitshumbi na Kyavinyonge. Ni gari la mbolea lenye linatembea lenyewe, bila mafuta, kila usiku. Viboko walipokwisha, wavuvi wenyewe waliona samaki wanapunguka. Si sababu pekee: mitumbwi iliongezeka na nyavu za matundu madogo zilimaliza watoto wa samaki. Lakini hakuna mtu wa agronomia mwenye atakuambia kama shamba lenye limekosa mbolea litazaa kama mbele.

Meno ya kiboko yanauzishwa mara moja. Mavi yake yanalipa kila siku, miaka 40, lakini yanalipa watu wengi kidogokidogo, na hayaingii mfukoni mwa mtu mmoja. Hapo njo shida yote iko. Mwenye bunduki anaona meno. Mama mwenye kukausha samaki njo anapoteza, na hakuna mtu alimuuliza.

Basi siku hizi mezani petu kila mnyama mkubwa ana mistari miwili kwenye daftari la msimamizi: bei yake akiwa amekufa, na kazi yenye anafanya akiwa mzima. Lile joka, tuligundua nyuma, lilikuwa linafukuza nyani kwenye mashamba ya mahindi ya kijiji cha chini. Tulipata vipande 900 vya dhahabu kwa meno na magamba. Musimu uliofuata kijiji kilikosa mavuno, na walikuja kutuomba chakula.

Tuliwapatia vipande 400. Bado tunabishana kama vinatosha.