Kiazi cha rangi ya chungwa ni bora kuliko tembe za chupani

MKAZI wa Migori au Homa Bay anayeahidiwa nguvu, ujana na kinga dhidi ya saratani kutoka kwa chupa ya tembe za mimea, yafaa ajiulize kwanza iwapo fedha hizo hazingemfaa zaidi sokoni.

Tembe hizo husifiwa kwa kuwa na antioksidanti, yaani virutubisho vinavyodhibiti chembechembe haribifu ambazo mwili huzalisha unapotumia chakula, na ambazo moshi wa sigara huziongeza. Mojawapo ni beta-karotini, inayoupa mnofu wa baadhi ya viazi vitamu rangi ya chungwa. Mwili huigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho na kuimarisha kinga.

Kosa ni kudhani kwamba kirutubisho kikizidishwa, manufaa nayo huzidi. Nchini Finland, wanaume 29,133 waliovuta sigara walishirikishwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994. Waliomeza miligramu 20 za beta-karotini kila siku walipatwa na saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Utafiti mwingine, nchini Marekani, ulisitishwa mapema Januari 1996 baada ya kuonyesha madhara kama hayo. Kwa mvutaji sigara, basi, tembe aliyoinunua kama kinga yaweza kumwongezea hatari.

Chakula hakijaonekana kuleta madhara hayo. Kiazi kimoja kidogo cha rangi ya chungwa, ambacho Wajaluo hukiita rabuon kama viazi vitamu vingine, huweza kumtosheleza mtoto mdogo vitamini A ya siku nzima. Mafuta kidogo katika mlo husaidia mwili kuifyonza. Mboga za kienyeji kama osuga na boo pia zina kirutubisho hicho. Mwaka 2016, mtafiti Robert Mwanga wa Uganda alikuwa miongoni mwa wanne waliotunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani, yeye akitambuliwa kwa kuendeleza viazi hivyo.

Vitamini wanazopewa watoto na waja wazito kliniki ni jambo tofauti, na hazipaswi kuachwa.

Aidha, kaunti hizi mbili zina idadi kubwa ya watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Hakuna tembe ya mimea inayochukua nafasi ya dawa za kupunguza makali ya virusi hivyo, na baadhi ya mimea hudhoofisha dawa hizo. Anayeitumia amweleze daktari wake kabla ya kumeza tembe nyingine.