Millennium Challenge 2002: nani alijua nini, na lini?



Wengi wakisikia "mchezo wa vita" hufikiria watoto na kompyuta. La hasha. Mwaka 1824 Luteni Georg von Reisswitz wa Prussia alitoa mchezo wa ramani wa kuwazoesha maofisa jambo moja gumu: kuamuru bila kuona kila kitu. Kati ya pande mbili yupo mwamuzi. Amri na taarifa zote hupita kwake, naye huzichelewesha kama vile mjumbe wa farasi angechelewa. Taarifa ikifika, hali imeshabadilika. Huo ndio mtihani wenyewe, si nani kashinda.

Sasa tuje Marekani, Julai 2002. Zoezi la Millennium Challenge lilikuwa na watu 13,500 na gharama ya dola milioni 250 hivi, nusu askari wa kweli, nusu kompyuta. Upande wa Blue ni Marekani yenyewe. Red ni nchi ya Ghuba isiyotajwa jina (wenzetu mlioko Muscat na Dubai mtakisia wenyewe). Makamanda wa Blue wote waliona picha moja ya vita kwenye skrini. Nadharia yao: ukimjua adui vya kutosha, utakadiria mapema kila pigo litaleta matokeo gani.

Red iliongozwa na Paul Van Riper, Luteni Jenerali mstaafu wa Marine Corps. Yeye alikwepa redio na simu ambazo Blue wangezinasa. Amri zake zilikwenda kwa pikipiki, ndege ziliruka kwa ishara za taa, na maneno ya siri yakapitishwa kwenye vipaza sauti vya misikiti pamoja na adhana! Blue walikuwa na kila kitu kwenye skrini isipokuwa nia ya adui. Makombora yakaja kwa mpigo, vimashua vikafuata, manowari 16 zikazama, ikiwemo ya kubeba ndege.

Hapo ndipo penye mambo. Wasimamizi waliziibua zile meli (kwenye kompyuta, bila shaka), zoezi likaendelea. Red wakaagizwa wawashe rada zao ili zipigwe. Van Riper akagundua maagizo yanampita yeye na kwenda moja kwa moja kwa mnadhimu wake mkuu. Akaacha uongozi zoezi likiwa katikati.

Tuwe waadilifu, wasimamizi nao walikuwa na hoja: maelfu ya askari walishapelekwa kufanya mazoezi, huwezi kuwarudisha makwao mapema hivyo. Sawa, lakini basi hayo ni mafunzo, si utafiti. Huwezi kuuliza kama taarifa nyingi zinamsaidia kamanda, halafu ukafuta jibu usilolipenda.

Agosti 2008 Jenerali James Mattis, wakati huo mkuu wa Joint Forces Command, kamandi ileile iliyoandaa zoezi, aliandika waraka kuzuia nadharia ile ya matokeo isitumike tena humo. Kamandi yenyewe ilivunjwa 2011.