Peugeot 504 ikigoma kuachia breki, pedi zisilaumiwe kwanza

Mzigo wa vitunguu haumsubiri fundi. Ndiyo maana breki zikishika na kukataa kuachia kati ya Arusha na Namanga, dereva wa pikapu kuukuu hutokwa jasho: gari linakuwa zito, rimu zinachemka, harufu ya kuungua inaingia hadi ndani.

Peugeot 504 ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, ikashinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, na kwa miaka mingi ikaunganishwa Kenya. Zilizobaki bado zinabeba mizigo. Lakini breki zikishika, mafundi wengi hukimbilia kubadilisha pedi. Fedha zinakwenda, na kesho yake gari linashika tena.

Kipimo chenyewe kinataka jeki na spana. Gari likiwa tambarare na matairi yamezuiwa kwa mawe, gurudumu lililoshika huinuliwa, kisha nipo ya kutolea upepo hulegezwa kidogo. Mafuta yakiruka na gurudumu likazunguka, kuna presha iliyofungiwa. Pedi hazina kosa. Lisipozunguka, ubovu uko hapo hapo: pistoni iliyoota kutu, springi iliyochoka, au waya wa handibreki uliokwama.

Ikiwa presha imefungiwa kwenye gurudumu moja tu, mpira wa breki unaokwenda huko ndio wa kushukiwa. Nje waweza kuonekana mzima, ndani umevimba. Mguu unasukuma mafuta yapite, lakini hayarudi. Yakishika magurudumu yote, twende kwenye masta silinda. Nati zinazoifunga kwenye busta hulegezwa na masta kusogezwa mbele milimita chache. Breki zikiachia, fimbo inayoisukuma imerefushwa mno. Zisipoachia, lakini zikaachia paipu zinapolegezwa kwenye masta, kitundu cha kurudishia mafuta kimeziba.

Mara nyingine kimezibwa na raba iliyovimba, na hilo hutokana na ule ujanja wa njiani wa kujazia oili ya injini mafuta ya breki yakipungua. Chupa ya DOT 3 au DOT 4 ni nafuu kuliko kubadilisha raba zote za mfumo mzima, maana zikishagusa oili hakuna ya kuokoa.

Kulegeza nipo kunalifungua gurudumu, hakutengenezi breki. Anayeifunga na kuondoka na mzigo bila kutoa upepo na kuongeza mafuta anaweza kukanyaga pedeli kwenye mteremko wa kwanza ikazama hadi chini.