Je, Wajua? Kopo la Jodari, Kopo la Maharage

Je, wajua kwamba watu wa Toscana, Italia, wana jina la utani la mangiafagioli, yaani wala maharage? Joto la Julai likiwazidi, jiko haliwashwi. Maharage meupe, jodari wa kopo, kitunguu chekundu, mafuta ya zeituni, siki kidogo, mkate pembeni. Dakika kumi, watu wako mezani.

Je, wajua kwamba maharage hayo ni mgeni kwao? Yalivuka bahari kutoka Amerika baada ya safari za Columbus. Kabla yake Waitaliano walikula kunde, na asili ya kunde ni Afrika. Hata baada ya maharage kuingia, kunde hazikukimbia. Miaka ya 1580 mchoraji Annibale Carracci alimchora mkulima anakula: mdomo wazi, kijiko kiko njiani, mchuzi unadondoka, vitunguu vya majani viko karibu na mkate. Isogelee picha uone bakuli: punje zina jicho jeusi. Kunde zetu hizo! Kwa hiyo ukikosa maharage meupe, tia kunde bila kumwomba mtu radhi.

Je, wajua kwamba kopo lilitangulia, kifungulio kikachelewa karibu nusu karne? Peter Durand alipata hataza ya kopo la bati Uingereza mwaka 1810. Kifungulio cha Ezra Warner, Mmarekani, kilipata hataza mwaka 1858. Katikati hapo watu walitumia patasi na nyundo.

Je, wajua kwamba jodari wa kopo amepikwa mara mbili? Kiwandani hupikwa kwanza kwa mvuke, akatolewa ngozi na mifupa. Kisha nyama hufungiwa ndani ya kopo na kopo zima likapikwa tena kwa presha. Kimojawapo cha viwanda vikubwa vya kazi hiyo kiko jirani tu, Victoria, Shelisheli. Sadini wao huachiwa mifupa, ikalainika hadi ikatafunika. Usiichambue; kalsiamu imo humo.

Je, wajua kwamba sehemu ya mafuta ya samaki mwenyewe huhamia kwenye mafuta ya kopo? Anayeyamwaga kwenye sinki kisha akatafuta chupa nyingine ya mafuta ya saladi, mimi simwelewi.

Maji ya maharage ya kopo ni habari nyingine. Ni mazito, yana chumvi na wanga. Mimina maharage kwenye chujio, yasuuze kwa maji ya bomba mpaka povu likatike, yaache yachuje vizuri. Chumvi itapungua sana, na siki itapata pa kushika. Ila usidharau maji hayo: mwaka 2014 Mfaransa Joël Roessel alionyesha kwamba maji ya mikunde ya kopo yakipigwa huumuka kama ute wa yai.

Unachemsha maharage mekundu mwenyewe? Je, wajua kwamba yasipoiva yana sumu ya kukutapisha? Yaloweke, mwaga maji, kisha yatokote kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Moto mdogo tangu mwanzo hauiui.

Je, wajua kwamba kitunguu kizima hakimlizi mtu? Ukali huzaliwa kisu kikishapasua chembe zake. Hapa mpishi wa kachumbari hahitaji mwalimu wa Toscana: anakikata vipande vyembamba, anakifikicha kwa chumvi, anakisuuza, anakikamua kiganjani mpaka maji yakitoke. Kinabaki kitamu, kina mkwaruzo kidogo tu.

Kopo lililovimba litupe bila kuonja, hata kama duka liko mbali.

Na jodari aingie mwisho kabisa, kwa vipande vikubwa, ukigeuza bakuli taratibu. Ukimkoroga mapema unapata uji wa samaki.